Kazi Yangu Ilikuwa Kukataza

Kama unapita mu Makomeno, hapa Lubumbashi, na unasikia mama moja anatisha batoto yake, «Nyamazeni, Papa Hapana anakuya,» ujue anasema juu yangu. Sikuibe ile jina. Niliitumikia miaka mingi, kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi yetu, mu sale ya paruasi, ile nyumba kubwa ya mikutano ya kanisa, mbele ya benye balilipa na benye baliingilia ku dirisha. Sasa nimeacha. Fimbo yangu nimeitundika mu salon, chini ya foto ya ndoa, na nyie baaktere, bachezaji ya tiyatre, benye munabakia mumeniomba niandike namna kazi ilikuwa. Naandika. Mujue kwanza sikusoma sana: mwaka ya nne ya primere, masomo ya musingi, ilinishinda, ao mie niliishinda, inategemea unauliza nani. Nilianza na pusu-pusu, gari ya kusukuma na mikono, pa soko ya Naviundu, nabeba mizigo ya bantu. Leo niko na kamyo, niko na mahema, niko na biti ya kukodisha mu kila ndoa na kila matanga tangu Makomeno mpaka Luano. Kama ulishaikala ku kiti ya bleu yenye haitetemeke, uliikala ku kiti yangu.

Lakini habari ya biti nitaandika siku ingine, na itakuwa kitabu ya munene. Hapa naandika juu ya ubaba.

Tiyatre yetu munaijua. Ni ile ya zamani, ya huzuni, yenye Bazungu baliandika: baba moja wa cheo iko na binti moja, binti anapenda kijana wa nyumba ya adui, baba amekwisha kumuahidi ku tajiri, na hataki kusikia neno, binti anaona heri akunywe sumu. Mama Régine njo aliigeuza mu Swahili yetu. Mama mufupi, sauti ndogo, mushonaji wa nguo za kwaya. Kundi yetu yeye aliishona pia, kipande kwa kipande, na mie ni kipande ya gali kuliko zote.

Siku ya kwanza sikukuya kucheza. Nilileta biti. Nikaingia mu sale, nikakuta bantu babili benye akili yao wamesimama juu ya biti yangu na biatu, eti iko juu ya mulima, banaagana. Nikasema, «Nani alikupa ruhusa? Shuka! Mu nyumba yangu hakuna muntu anapanda bila mie kusema!» Banashuka. Hata benye hawakupanda kitu banashuka pia, sijue walishuka wapi. Binti mwenye alikuwa anacheza siku zile akaanza kulia, machozi ya kweli. Mama Régine aliweka karatasi yake chini, akaniangalia toka biatu mpaka kichwa.

«Papa, na hiyo hasira unaikodisha?»

«Mama, nakodisha biti. Hasira natoa bure.»

«Basi kesho kuya nayo.»

Nikakuya nayo. Sikurudi nayo ku nyumba tena; bibi yangu alifurahi, alisema tangu nimeingia mu tiyatre amepumzika.

Mwenye alinifundisha ni Papa Anaclet, Mungu amupumzishe. Alikuwa mutoto ya mufanyakazi ya treni, wale bantu ya kaskazini ya Katanga, Bakatoliki ya zamani, kila shati iko na pasi. Ubaba alikuwa nao mbele yangu. Aliuacha kwa sababu ya meno: zilibakia kidogo, na kila akisema «Sitaki» mate ilifika ku safu ya kwanza, na safu ya kwanza ilikuwa ya bapadri. Mie nilifikiri kukataza ni kupiga makelele. Papa Anaclet alinisikiliza mara moja, akaziba masikio.

«Mutoto wa pusu-pusu,» akasema, «mwenye kupiga makelele ni muntu mwenye banaweza kumubembeleza. Baba mwenye anakataza kabisa haangalie mutoto. Anaangalia kofia yake. Anasema pole pole: hapana. Kisha anakunywa maji.»

«Maji ya nini, Papa?»

«Ya kuonyesha maneno imeisha.»

Nilijaribu. Kofia mu mukono, macho ndani ya kofia, «Hapana,» pole pole, kopo ya maji. Sale yote ilinyamaza sawa umeme imekatika. Tangu ile siku sikutafuta mwalimu mwingine. Aliniachia na fimbo yake ya mulombwa, mti mwekundu mwenye mchwa haitaki, na lineti zenye hazina vioo, kwa sababu vioo inang'aa na bantu habaone macho. Fotey, kiti ya kitajiri ya kuegemea, nilileta yangu. Baba ya tragedi, ya tiyatre ya huzuni, haikalie kiti ya plastiki. Hiyo njo sheria moja yenye mie mwenyewe niliongeza.

Kusoma karatasi ilikuwa inanichelewesha, basi Mama Régine alikuwa ananisomea mu telefone, na mie nasikiliza mu kamyo nikipeleka biti. Njo namna ya kujifunza muzuri kuliko zote, nabaambia nyie benye munashika makaratasi sawa bakarani. Siku moja pa Naviundu polisi ya barabara alinisimamisha. Alinikuta napiga usukani: «Utaolewa siku ya yenga kisha misa, ao utatoka mu nyumba yangu na nguo ya mwili tu!»

«Papa, uko na nani mu gari?»

«Na binti yangu.»

Akaingiza kichwa. Akaona biti. Akaangalia biti, akaniangalia mie, akasema, «Enda tu, Papa, enda pole,» na hakuomba hata dokima, makaratasi ya gari.

Sasa nifike ku kazi yenyewe, mahali yenye ilikuwa nguvu. Bazungu benye baliandika ile tiyatre habakujua Lubumbashi. Kwetu, siku bakwe banakuya kuomba binti, baba hasemi kitu. Anaikala, anavaa muzuri, anafunga kinywa. Mujomba njo anasema, ndugu ya mama, ao musemaji mwenye jamaa imechagua. Na mbele ya muntu yeyote kugusa pombe yenye bageni balileta, banaita binti, banamuuliza mbele ya bote: «Mutoto, tukunywe ao tusikunywe?» Akisema kunyweni, ndoa imesimama. Akisema musikunywe, chupa inarudi ku benyewe, na hakuna mwenye anatukana mwenziwe. Sasa mie, mu tiyatre, nasema peke yangu, napokea peke yangu, na binti simuulize hata habari ya asubuhi. Unafikiri bantu ya Makomeno banaweza kuona hiyo na kunyamaza?

«Mujomba iko wapi?» njo ilianza, kila posho, toka nyuma. Kisha bamama: «Muulize mutoto, weye! Muulize!» Siku moja mama moja alipanda mpaka mbele na sapato, kiatu yake, mu mukono, akanipiga ku bega. Nikaangalia kofia. «Hapana,» nikasema, na nikakunywa maji. Alishuka analia. Kuna baaktere benye banapata maua. Mie nilipata sapato, na nilirudi ku nyumba na kifua mbele.

Kisha Solange akaingia mu kundi. Binti ya jamaa ya Luano, nao Bakatoliki ya kaskazini, nkambo, ndiyo babu yake, alitumika ku treni. Mie nimeona babinti wengi banacheza binti yangu, lakini ule alikuwa analia na jicho moja tu, ile ya upande wa bantu. Ile ya upande wangu ilikuwa kavu, inanicheka. Tajiri wangu, mwenye napaswa kumupa binti, alikuwa Freddy, muuzaji wa telefone pa Naviundu, muntu ya mizaha. Alikuwa anakuya na mali yake ya kuoa: karton yenye bameandika juu yake MBUZI.

Njo hapo nilisema hapana nyingine, yenye haikuandikwa. «Mama Régine, hapa ni Katanga. Muntu hatoe binti juu ya karton. Mbuzi ikuye.» Wazo ilikuwa yangu, na mpaka leo sijutie. Freddy alileta mbuzi ya kweli, toka lupangu, kiwanja ya nyumba, ya mama yake. Ile posho nilishika kamba mu mukono yake mbele ya sale nzima, nikasema maneno yangu: «Nimepokea. Binti ni yako.» Bantu balipiga makelele mpaka bapadri balitoka inje kuangalia kama iko moto. Mbuzi ilikula nusu ya vwale, kitambaa ya kichwa, ya bibi harusi, kintu chenye hakuna muzungu aliwaza kuandika. Kisha tuliipika, tukakula na bukari, ugali yetu, kundi yote. Solange alikula kiguu.

Kumbukeni ile kiguu.

Freddy, siku ya kazi, ku meza yake ya telefone, akaanza: «Solange? Ule nilishamutolea mbuzi. Na alikula.» Mizaha tu. Lakini Solange alikuwa na mchumba wa kweli, Kasereka, wa jamaa ya bachuruzi ya Nord-Kivu, benye banauza muchele na sukari kwa jumla palepale Naviundu, hatua kidogo toka ku meza ya Freddy. Baba mukubwa yake, Papa Kambale, njo alipaswa kuongoza bageni kwenda Luano kuomba binti. Muntu ya maombi, sauti ya chini, shati imefungwa mpaka shingo. Akasikia habari ya mbuzi. Akasimamisha safari. Akakuya ku depo yangu, mahali naweka biti, akachagua kiti, akaijaribu kwanza na mukono, akaikala.

«Papa, weye njo baba ya Solange?»

«Siku ya posho tu.»

«Banasema ulipokea mbuzi.»

«Papa, ile ni tiyatre.»

«Najua ni tiyatre. Siko mutoto. Nauliza: mbuzi ilikuwa ya tiyatre?»

«Hapana. Ilikuwa mbuzi.»

«Iko wapi?»

«Tuliikula.»

«Solange alikula?»

Nikatafuta kofia yangu. Sikukuwa nayo.

«Kidogo, Papa.»

«Upande gani ya mbuzi?»

«Kiguu.»

Papa Kambale akafunga macho, nafikiri aliomba. «Sasa unataka nipeleke mali ku lupangu ya binti mwenye amekula mbuzi ya bwana mwingine, mbele ya mashahidi, na baba amesema nimepokea. Kesho Naviundu yote itasema jamaa ya Kambale balioa bibi ya muntu ya telefone.»

«Lakini kila muntu anajua…»

«Kila muntu anajua,» akasema, «na kila muntu atasema.» Akasimama. «Kiti ni muzuri,» akasema, na akaenda.

Saa kidogo kisha Solange akafika. Alikuwa analia na macho yote mbili, njo nilijua haikuwe kazi. «Papa Hapana, ule Kasereka njo muntu ninapenda. Ku tiyatre unanikatalia, ku nyumba tena unanikatalia? Papa yangu anasema nitoke mu kundi leo. Mujomba anasema sijaolewa na sijaachwa, niko katikati sawa gari mu potopoto, mu matope. Ufanye kintu.»

Kama kuna mambo mie najua, ni kufunga na kufungua: nimefunga mahema mu upepo yenye iliangusha miti. Nikamuambia, «Mama, ujipanguse. Chenye nilifunga na kinywa yangu, mie njo nitafungua.» Nikaenda Luano kuona mujomba yake, Papa Crispin, muntu mwembamba mwenye anasemea jamaa yote. Nikarudi ku Papa Kambale. Nikaenda tena. Ile juma kamyo yangu ilijua barabara ya Luano sawa ndege zenye zinashuka kule ku uwanja. Mwisho wakakubali: bageni bakuye, lakini mambo ya mbuzi ipite ya kwanza.

Nilinunua mbuzi kubwa kuliko ya Freddy, kwa sababu mie sirudishe bintu bidogo. Nilileta mahema na biti, bure, na mbuzi katikati ya biti. Lupangu ya Luano ilijaa. Jamaa ya Solange upande moja, jamaa ya Kambale upande ingine, na katikati makreti ya limonade, soda tu, kwa sababu Papa Kambale hanywe pombe. Lakini desturi ni desturi, chupa ni chupa. Baba ya Solange, wa kweli, alikuwa ameikala kimya, amevaa suti. Nikamuangalia, nikasema mu roho: ona namna anacheza muzuri, na hakupata repetisyo, zoezi, hata moja.

Papa Crispin akasimama. «Bakwe, mbele ya yote, tusafishe mbuzi. Mwenye alitoa iko?»

«Niko,» Freddy akasema.

«Mwenye alipokea?»

Nikasimama na kamba. «Freddy, nilipokea, narudisha. Binti haiko yako.»

Freddy akaangalia mbuzi toka mbele, akazunguka nyuma. «Papa, ile yangu ilikuwa dume.»

«Freddy, shika kamba.»

«Nasema tu, Papa, bantu bajue…»

«Shika kamba!»

«Nimeshika, Papa, usikasirike, uko kwa bakwe.»

Upande zote mbili bakacheka. Papa Kambale hakucheka. Akainua mukono. «Mbuzi imerudi, muzuri. Na kinywa? Kinywa yenye ilitoa binti bila kumuuliza, mbele ya sale nzima, iko hapa. Leo Papa Crispin akimuuliza na kinywa yake, ile ingine inabakia wazi, neno yake haijafutwa.»

Nilimuona Solange ku mulango ya nyumba, katikati ya bashangazi yake, amefunika kichwa na kitenge, vidole vyake vimeshika mulango. Papa Crispin akafikiri, akaangalia baba ya Solange. Baba akatikisa kichwa kidogo, ndiyo.

«Basi,» Papa Crispin akasema, «mwenye hakumuuliza, amuulize.»

Baaktere, mie nimesimama mbele ya bapadri, mbele ya mama ya sapato, mbele ya mbuzi yenye inakula vwale. Sijawahi kuogopa. Ile siku niliogopa. Ile swali sikukuwa nayo mu kinywa. Miaka yote bantu balinipigia nayo kelele, na sikuisema hata siku moja. Nikafungua kinywa na ikatoka sauti ya kazi: «MUTOTO!» Kuku bakakimbia. Bibi ya Papa Kambale akavuta kiti yake nyuma. Nikatafuta kofia niangalie ndani, na kofia ilibakia mu kamyo. Hakukuwa mahali pengine pa kuweka macho. Nikamuangalia binti.

«Mutoto,» nikasema tena, na sauti yenye sikuijua. «Hii chupa yenye Papa Kambale alileta. Tukunywe ao tusikunywe?»

Ndege ilikuwa inashuka juu ya nyumba. Solange akangoja. Mie njo nilimufundisha kungoja. Akangoja mpaka ndege ilipita kabisa, Kasereka anatoka jasho sawa anabeba muchele, kisha akasema na sauti yenye inafika ku safu ya mwisho:

«Kunyweni, Papa.»

Baba yake anasema aliangalia yeye. Mie najua aliangalia mie. Hatubishane juu ya hiyo tukikutana, tunakunywa tu.

Ningekuwa muntu ya akili kidogo ningeacha kazi ile siku. Lakini balioana, Solange akarudi mu kundi kwa ruhusa ya bakwe, na posho yenye ilifuata ndoa, Papa Kambale na jamaa yake yote baliikala ku safu ya kwanza, ku biti yangu. Mbuzi ilikuwa tena karton. Mama Régine aliapa mbuzi ya kweli haitaingia tena mu sale. Ikafika saa yangu. Freddy amesimama na karton yake na chupa yake. Solange amepiga magoti. Nyuma kelele ya kila siku: «Muulize! Muulize mutoto!» Nikaangalia kofia. Maneno yalikuwa tayari: Nimepokea, binti ni yako. Kisha Papa Kambale, pole pole, sawa muntu anakukumbusha funguo ya gari yenye umeacha ku meza, akasema, «Muulize, Papa.»

Na shingo yangu ikageuka.

«Mutoto,» nikasema, «tukunywe ao tusikunywe?»

Nyuma ya pazia nilisikia karatasi ya Mama Régine inaanguka. Solange aliniangalia. Saa ile alipaswa kulia, kuniomba, kukataliwa, na kwenda kutafuta sumu. Badala yake akasimama, akajipangusa magoti.

«Musikunywe,» akasema.

Sijasikia makelele sawa ile tena. Bamama balipanda mbele na kuimba. Mama ya sapato alinikumbatia, sapato mu miguu. Kijana wa nyumba ya adui, mwenye alikuwa anangoja nyuma zamu yake ya kufa, akatoka na kushika mukono ya binti, na hakuna mwenye alimuzuia. Freddy alisimama peke yake na karton. «Sasa mie narudisha hii ku nani?» anauliza, na bantu banaanguka na kucheka. Nusu ya tiyatre ilibakia, yote yenye iko na makaburi, na hakukuwa tena muntu wa kuingiza ndani. Mama Régine akatoka nyuma ya pazia na kachupa ya sumu.

«Papa,» akasema, «na hii, nani anakunywa?»

«Lete,» nikasema, «niko na kiu.»

Ilikuwa chai. Sukari ilikuwa kidogo.

Njo mwisho ya kazi yangu. Tulijaribu juma ingine, lakini nikisema «Hapana» sale inacheka, na Solange mwenyewe anacheka na jicho ya upande wangu. Muntu ya kukataza mwenye bantu bameona anauliza, haogopeshe tena hata kuku. Basi kwa weye mwenye utaikala ku fotey yangu: lineti niliziacha mu kabati ya sakristia, fimbo utajitafutia. Usipige makelele. Usimuangalie mutoto, angalia kofia, na usiiache mu kamyo. Ukimuangalia utamuuliza, na ukimuuliza, bantu banarudi ku nyumba jua ikingali juu, banaimba, na tragedi imekwisha.

Mie bado naleta biti kila posho. Mwezi yenye imepita nilimuomba Mama Régine anirudishe, mara moja tu, ku repetisyo tu. Hakuniangalia. Aliangalia kofia yangu, akasema pole pole, «Hapana.» Kisha akakunywa maji.